Shajara ya dohani: nyumba ya shangazi Molo, kozi kwa kozi

Jumamosi, 8 Machi 2025: mwanzo

Shangazi anajenga Molo. Aliyewahi kulala Molo mwezi wa Julai haulizi kwa nini anataka meko sebuleni. Mji uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na blanketi moja huko ni utani.

Plani ya vyumba ipo tayari. Dohani ndiyo haipo. Kwenye karatasi imeonyeshwa kama mraba mdogo wenye alama ya kuzidisha ndani, na fundi amesema wazi kwamba mraba haujengeki, anataka kuona chombo chenyewe kikiwa kimesimama. Kazi ya kuisimamisha kwenye kompyuta imeniangukia mimi huku Nakuru kwa sababu nina laptopu na sina pa kujificha.

(Fundi anaiita chimni, shangazi anaiita bomba la moshi, kamusi inasema dohani. Nitashika la kamusi, maana bomba lenyewe litakuja baadaye na sitaki tuchanganyikiwe.)

Vipimo nilivyoanza navyo: nyumba ina upana wa mita 8, kuta mita 2.7, paa la migongo miwili lenye mteremko wa nyuzi 25. Kilele cha paa kinafika mita 4.57. Dohani inasimama nje, katikati ya ukuta wa ubavuni, ule unaopanda kama pembetatu hadi kileleni. Chini ina upana wa sentimita 150, ikifika mita 2 inapungua upana (hapo ndipo begani), kisha inapanda shingo ya sentimita 75 kwa 75. Mawe ni ya kukatwa na mashine, inchi 6 kwa 9, yakilazwa kwa unene wa inchi 6. Jiwe la inchi 9 pamoja na mota yake (saruji ya kuunganishia) linatoa takriban sentimita 25, kwa hiyo kozi nne, yaani mistari minne ya mawe, ni mita moja. Shika hesabu hiyo, ndiyo itakayoniumbua mwezi ujao.

Programu ni tatu, zote za bure: Sweet Home 3D kwa nyumba, Blender kwa umbo la dohani, GIMP kwa picha za mawe. Laptopu ina gigabaiti 4 za RAM. Bando la kupakua: shilingi 500.

Jumamosi, 15 Machi: dohani ya kuta

Nyumba yenyewe nimeimaliza jioni mbili. Sina la kusimulia hapo. Paa nimelifanya kwa masanduku mawili membamba yaliyoinamishwa nyuzi 25, nikayavisha picha ya mabati.

Dohani nilitaka kuifanya kwa njia ya mkato, ndani ya Sweet Home 3D humo humo. Nilichora kuta nne fupi zinazofunga mraba, nikazipa urefu mkubwa. Kwa mbali inapendeza. Ukisogea karibu unaona matatizo mawili. La kwanza, ukuta kwenye programu hii huanzia sakafuni mwa ghorofa yake, kwa hiyo shingo inayoanzia mita 2 juu haiwezekani mpaka utengeneze ghorofa ya uongo kwenye kimo hicho. Nilitengeneza. Sasa kila nikibofya sebule najikuta niko ghorofani. La pili, kila ukuta huanza kuhesabu mawe upya kutoka mwisho wake, hivyo pembeni jiwe refu linakutana na kipande cha vidole viwili. Fundi akiona pembe kama ile atauliza nani kaijenga.

Nimeifuta yote. Jioni mbili zimekwenda. Kwa mstatili mtupu usio na bega njia hii inatosha kabisa, usijisumbue na Blender.

Jumapili, 23 Machi: umbo kwenye Blender

Umbo lenyewe ni rahisi: sanduku pana chini, uso wa juu unaingizwa ndani na kuinuliwa kidogo ili kupata bega, kisha unainuliwa tena kupata shingo, na juu kabisa kofia ya zege inayotokeza sentimita 5 kila upande. Urefu wa dohani nimeukisia kwa macho kutokana na nyumba za zamani za walowezi kule Njoro, nikaweka mita 4.75. Kozi 19 kamili.

Kulihamisha umbo kwenda Sweet Home 3D ndiko kulikokula siku.

Mara ya kwanza dohani haikuonekana kabisa. Nilidhani faili imeharibika, nikarudia mara tatu. Kumbe ilikuwepo, imesimama uani, ndefu kuliko kidole gumba kwa kidogo sana. Blender inahesabu kwa mita na Sweet Home 3D inasoma namba hiyo hiyo kama sentimita, mita 4.75 zikawa sentimita 4.75. Dawa: unapoitoa kwenye Blender kama faili ya OBJ, weka kipimo cha kuzidisha kiwe 100.

Mara ya pili ikaja kwa ukubwa wake, lakini nyeupe pe. Faili ya OBJ haibebi picha. Inafuatana na faili ya pili, ya MTL, inayosema picha iko wapi, na yangu ilikuwa inaelekeza kwenye folda yenye jina langu na nafasi katikati. Nilibadilisha majina yote yakawa bila nafasi, nikaagiza Blender iandike jina la picha tu bila njia ya folda, kisha nikafunga OBJ, MTL na picha kwenye zipu moja. Sweet Home 3D inapokea zipu moja kwa moja.

Mara ya tatu picha zimo, ila ukitazama upande mmoja unaona ndani ya dohani kana kwamba ukuta umeyeyuka. Nyuso nyingine zilikuwa zimegeuka ndani nje. Kwenye Blender: chagua zote, bonyeza Shift+N, zinatazama nje. Sweet Home 3D nayo ina kisanduku cha kuonyesha nyuso za nyuma wakati wa kuingiza umbo. Kinaficha tatizo bila kuliondoa, kwa hiyo nimekiacha.

Jumapili, 30 Machi: kupiga picha mawe

Picha inayovikwa umbo ili lionekane ni jiwe au mbao, mimi naiita ngozi. Sweet Home 3D inakuja na ngozi zake za matofali, lakini ni matofali mekundu ya Ulaya, madogo, na Molo hakuna anayejenga nayo. Nilipanda matatu kwenda kupiga picha ukuta wa stoo ya shangazi, ambao umejengwa kwa mawe yale yale ya kijivu yenye madoa ya hudhurungi. Nauli kwenda na kurudi shilingi 500.

Nilifika saa tano mchana jua likiwa kali. Picha thelathini za kwanza ni za kutupa, maana kila mstari wa mota una kivuli chini yake, na programu itaongeza kivuli chake juu ya hicho. Saa nane wingu likafunga, nikapiga kumi na mbili nzuri. Saa tisa mvua ikanyesha, mawe yakawa meusi kama makaa, kazi ikaishia hapo.

Nilichofanya sawa ni kimoja tu: utepe wa kupimia niliuning'iniza ukutani, ukawa ndani ya kila picha. Shangazi alipita akauliza kama napiga picha ukuta au napiga picha utepe.

Jumapili, 6 Aprili: ngozi kwenye GIMP

Unaichukua picha, unainyoosha kwa kifaa cha kurekebisha mtazamo mpaka mistari ya mota ilale sawa, unakata mraba. Kisha kinakuja kishindo: ngozi hurudiwa kama kanga iliyochapwa, kwa hiyo ukingo wa kulia lazima uungane na wa kushoto, na wa juu na wa chini.

GIMP ina kichujio cha kufanya hivyo kwa mbofyo mmoja. Usikiguse kwa mawe. Kinachanganya picha juu ya picha, na matokeo yake kila jiwe lina kivuli cha jiwe jingine ndani yake, kama mzimu. Kwa mchanga au nyasi kinafaa. Kwa mawe nilifanya kwa mkono: Shift+Ctrl+O, sogeza picha nusu upana na nusu kimo, kingo zote nne sasa zinakutana katikati kama msalaba, halafu unazipaka kwa mhuri wa kunakili mpaka msalaba upotee. Kata picha yako katikati ya mota na si katikati ya jiwe. Mota hata ukikosea haikuonyeshi.

Kosa la pili lilikuwa la tamaa. Ngozi ya kwanza niliikata mita 1 kwa mita 1, kozi nne. Ndani yake mlikuwa na jiwe moja lenye doa zuri, limekaa kama Ziwa Nakuru kwenye ramani. Nilipoivisha dohani, ziwa likajitokeza kila baada ya kozi nne, juu mpaka kwenye kofia, kama vifungo vya shati. Nilirudi, nikakata mita 2 kwa mita 2, kozi nane, na doa nikalipaka likafutika. Liliniuma kidogo.

Ukubwa: picha za simu zilikuwa na pikseli 4,000 kwa 3,000, na tatu zilitosha kuigandisha laptopu. Nimepunguza hadi 2,048 kwa 2,048. Kwenye karatasi ya A4 huoni tofauti.

Kuivisha kwenye Blender nimetumia njia ya mchemraba, inayoirusha ngozi kutoka pande zote kwa kipimo kimoja. Nimeweka mita 2, sawa na ngozi yenyewe, hivyo kozi zinazunguka pembe kwa usawa. Kabla ya hapo bonyeza Ctrl+A na uidhinishe ukubwa wa umbo. Mimi sikuidhinisha mara ya kwanza, nikapata shingo yenye mawe marefu kama milango.

Jumamosi, 12 Aprili: dohani fupi

Leo nimeiweka dohani mahali pake na paa likiwa juu, nikasimama uani (uani mwa programu) nikatazama. Kilele cha paa mita 4.57. Kichwa cha dohani mita 4.75. Imechungulia sentimita 18, kama mtoto nyuma ya ukuta.

Kwa sura inapendeza, kwa moshi haifai. Kanuni inayotumika sana Marekani inasema kichwa cha dohani kipite mahali inapotokea kwenye paa kwa futi 3 angalau, na kizidi kwa futi 2 kitu chochote kilicho ndani ya futi 10. Upepo ukipiga paa hupanda na kujikunja upande wa pili, na kichwa kikiwa ndani ya mjikunjo huo moshi unasukumwa kurudi sebuleni. Dohani yetu iko kileleni hasa, kwa hiyo ni 4.57 na 0.9, jumla 5.47. Kozi 22 zinatoa 5.5. Programu haikunionya lolote, kwake dohani ni kiti tu kirefu.

Ilikuwa saa nne usiku. Nilibofya dohani mara mbili, nikafuta 475 kwenye kisanduku cha kimo, nikaandika 550. Ikarefuka palepale. Nikatoa picha mbili, nikaandika vipimo pembeni, asubuhi nikachapisha saiba kwa shilingi 100 na kumpa dereva wa matatu ampelekee shangazi.

Nilijisifu kwa kumaliza mapema.

Jumamosi, 19 Aprili: kozi kumi na tisa

Nimekuja Molo kwa Pasaka. Nauli imepanda, kwenda na kurudi 700. Lori la mawe lilifika Alhamisi.

Fundi alikuja asubuhi kusalimia. "Injinia," akaniita, jina alilonibandika siku ile ya utepe, "mawe ya chimni haya hapa. Kozi kumi na tisa, sikukosea hata moja."

"Ishirini na mbili, fundi."

Hakubisha. Alitoa picha yangu mfuko wa shati, imekunjwa mara nne na ina alama ya chai, akaitandaza juu ya rundo la mawe. Akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye kozi ya chini, akapanda nao mmoja mmoja akihesabu kwa sauti, nane mpaka begani, kisha tisa, kumi, mpaka kwenye kofia. Kumi na tisa.

"Lakini hapa pembeni nimeandika mita tano na nusu."

"Mimi nilihesabu ulichochora."

Na alikuwa sahihi. Nilipoandika 550 kwenye kile kisanduku, programu haikuongeza mawe, iliyavuta yale yale kumi na tisa. Ngozi iliyoshonwa kwenye umbo inanyooka pamoja na umbo. Kozi ya sentimita 25 ikawa karibu 29, jiwe la inchi 9 likawa kama la 10 na nusu, na bega nalo likapanda kutoka mita 2 hadi 2.32 bila mtu kuliagiza. Mimi nilitazama picha ile siku nzima sikuona. Jicho langu lilikuwa linatazama rangi na kivuli. Yeye namba za pembeni hakuzisoma kabisa, alisoma mawe.

Shangazi alisimama mlangoni na kikombe. "Nyinyi mnagombania mawe ya karatasi. Ya kujengea yako wapi?"

Hesabu ya kosa hilo ni hii. Shingo inakula futi 8 za mawe kwa kozi. Kozi tatu zilizopungua ni futi 24, na kwa shilingi 45 futi moja ni 1,080. Hayo yangenunuliwa tu, si hasara. Hasara ni pikapu ya kuyaleta peke yake, shilingi 1,500, kwa sababu lori halirudi kwa futi 24. Hiyo nimeilipa mimi.

Jumamosi, 26 Aprili: marekebisho

Umbo nimelirudisha Blender, nikachagua sehemu ya juu ya shingo na kofia tu, nikaziinua sentimita 75, nikairusha ngozi upya, nikalitoa na kuliingiza tena. Bega limebaki mita 2. Nimehesabu kwa ukucha kwenye skrini: nane na kumi na nne, ishirini na mbili. Kazi nzima imechukua dakika ishirini, na ndiyo niliyoikwepa ile saa nne usiku.

Tangu sasa umbo lenye ngozi ya mawe silibadilishi kimo ndani ya Sweet Home 3D hata kwa sentimita moja. Ukubwa wake nauacha kama ulivyotoka Blender.

Nimeongeza bomba ndani ya shingo. Tundu la mawe ni sentimita 45 kwa 45, na meko ina mdomo wa sentimita 80 kwa 70, yaani sentimita za mraba 5,600. Desturi ya mafundi wa meko ni kwamba njia ya moshi iwe sehemu ya kumi ya mdomo ikiwa ya mraba, ya kumi na mbili ikiwa ya duara. Tundu letu lina 2,025, kubwa mno, moshi ungepoa njiani ukakosa nguvu ya kupanda. Bomba la chuma la inchi 10 lina takriban 507, linatosha. Kwenye programu ni mcheduara mmoja uliotokeza juu ya kofia. Nilitaka kupaka masizi kidogo kichwani ili ionekane ya kweli. Shangazi alipoiona kwenye simu akasema nyumba haijaezekwa na mimi nimeshaichafua. Nimefuta.

Jua lilinipa kazi moja ya mwisho. Niliweka dira ya programu Molo, karibu robo nyuzi kusini mwa ikweta, nikapiga picha saa sita mchana. Jua liko juu ya kichwa, kuta hazina kivuli, dohani imelala bapa kama imechorwa kwa chaki. Saa kumi jioni bega linatoa kivuli na mawe yanaonekana moja moja. Picha ya ubora wa juu kabisa ilichukua saa moja na dakika hamsini. Ya kwanza ilifika karibu na mwisho, stima ikapotea, na betri ya laptopu hii ni pambo tu.

Nimechapisha kurasa nne, shilingi 200. Ukurasa wa ubavuni nimeandika namba kando ya kila kozi, 1 hadi 22, kubwa, kwa rangi nyekundu.

Jumla mpaka leo: bando 500, nauli 1,200, saiba 300, pikapu 1,500. Ni 3,500.

Jumamosi, 10 Mei: Molo

Nauli 500, jumla sasa 4,000.

Kilichobaki kwangu ni bati la kuziba maungio kati ya dohani na paa. Kwenye picha zangu mabati yanaingia kwenye jiwe kama kisu kwenye mkate, na maji yatapita hapo mvua ya kwanza. Fundi anataka bati lipande kozi moja na lichomekwe kwenye mstari wa mota, si kupigwa misumari juu ya jiwe. Nitalichora wiki ijayo.

Ule ukurasa wenye namba ameupigilia kwa msumari mlangoni mwa stoo, juu yake amefunika mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Kila akimaliza kozi anafunua mfuko, anapiga tiki kwa penseli ya seremala, anafunika tena. Leo jioni tiki zilikuwa kumi na moja, tatu juu ya bega.